Nyumba iliyochomwa mara mbili

Katika Bahari ya Baltiki, mashariki ya nchi ya Sweden, kiko kisiwa kiitwacho Gotland, na katika pwani yake ya kusini-mashariki iko rasi moja tambarare, yenye nyasi fupi na upepo mwingi, iitwayo Närsholmen. Wakati wa kiangazi cha mwaka 1985 watu wa sinema walijenga hapo nyumba nzuri ya mbao, wakaitengeneza ndani na nje kwa uangalifu mkubwa, nao tangu mwanzo walijua kwamba wanaijenga ili waiteketeze. Siku ilipowadia wakaitia moto. Nyumba ikawaka, ikaanguka, yakabaki majivu. Lakini kamera iliyowekwa kuipiga picha ilikuwa imekwama, na yale yaliyokusudiwa kuonwa na ulimwengu hayakuingia katika mkanda kama yalivyotakiwa.

Habari hiyo imehifadhiwa katika sinema ya kumbukumbu ya mwaka 1988, yaani sinema isiyotunga hadithi bali inayoonyesha mambo kama yalivyotokea mbele ya kamera. Jina lake kwa Kiswidi ni Regi Andrej Tarkovskij, na maana yake ni kwamba aliyeongoza ni Andrei Tarkovsky. Mtengenezaji wake, Michał Leszczyłowski, ni Mpolandi aliyekuwa akifanya kazi Sweden, naye ndiye aliyekaa pamoja na Tarkovsky katika chumba cha kukatia na kuunganisha mikanda ya sinema yake ya mwisho. Picha zenyewe zilipigwa na Arne Carlsson, ambaye alizunguka na kamera yake pembeni mwa kazi yote, akakusanya mikanda ya yapata saa 50. Katika mikanda hiyo Leszczyłowski alichagua sehemu iliyotosha sinema ya saa moja na dakika arobaini hivi.

Yawezekana ndugu zetu wa jeshi na polisi watauliza ni kwa nini ukurasa wao ushughulikie sinema ya Kiswidi iliyoongozwa na Mrusi. Jawabu letu ni fupi. Hatukumbuki kuona mahali pengine popote, hata katika sinema za vita tulizozoea kuonyeshwa, picha ya kweli namna hii ya mkuu wa kazi siku ambayo mpango wake umevunjika mbele ya watu wake wote, na chombo alichokitegemea hakipo tena. Waigizaji wa sinema za vita hujua kwamba wataokoka. Watu wa Närsholmen hawakujua.

Kwanza yafaa tumweleze mtu mwenyewe. Andrei Tarkovsky alizaliwa tarehe 4 Aprili 1932 nchini Urusi. Baba yake, Arseny Tarkovsky, alikuwa mshairi, na katika Vita Kuu ya Pili alitumikia kama mwandishi wa gazeti la jeshi katika mstari wa mbele. Mwishoni mwa mwaka 1943 alijeruhiwa mguu, jeraha likaoza, ikabidi mguu ukatwe. Sisi ambao kazi yetu ni kuandika habari za jeshi hatuwezi kuipita habari hiyo haraka. Wako watu wanaodhani kwamba mwandishi wa jeshini hukaa nyuma karibu na jiko akinoa kalamu.

Sinema ndefu ya kwanza ya mwana huyo, Utoto wa Ivan, ilitoka mwaka 1962, ikapata tuzo kuu ya Simba wa Dhahabu katika maonyesho ya Venice. Yaeleza habari za mtoto wa kiume ambaye vita vimemnyang'anya jamaa zake, naye anatumiwa na jeshi kama mpelelezi, akivuka mto usiku kwenda upande wa adui. Yeyote aliyewahi kuwaona watoto wakibeba silaha wasizoweza hata kuzitua chini taratibu ataelewa mara moja ni kitu gani Tarkovsky alikiona. Hakumfanya Ivan shujaa wa kupigiwa makofi. Alionyesha kwamba vita vilikwisha kumuua mtoto ndani ya moyo wake kabla hajauawa mwili.

Baada ya hapo mambo hayakuwa rahisi. Sinema yake juu ya Andrei Rublev, mchoraji wa sanamu takatifu wa zamani, ilikamilika mwaka 1966 lakini haikuruhusiwa kuonyeshwa kwa watu wote wa nchi yake mpaka mwaka 1971. Halafu, mwaka 1977, alipokuwa akitengeneza sinema ya Stalker huko Estonia, mikanda ya kazi ya miezi mingi iliharibika wakati wa kusafishwa maabarani, akalazimika kubadilisha mpiga picha na kuanza upya. Sinema hiyo ilitoka mwaka 1979. Twaomba msomaji aliweke jambo hilo akilini, kwani tutarudi kwake: Tarkovsky alikwisha kuonja mara moja uchungu wa kupoteza kazi nzima kwa sababu ya chombo.

Mwaka 1982 alikwenda Italia kwa kazi. Mwezi Julai 1984, katika mkutano na waandishi wa habari mjini Milan, alitangaza kwamba hatarudi Urusi. Mke wake Larisa alikuwa pamoja naye, lakini mtoto wao wa kiume, Andrei mdogo, alikuwa amebaki kwao na hakuruhusiwa kutoka. Kwa hiyo mtu aliyefika Sweden kutengeneza sinema mwaka 1985 alikuwa baba aliyetengwa na mwanawe, na hakujua kama atamwona tena. Sinema hiyo, ambayo jina lake ni Offret, maana yake Sadaka, aliiandikia kwamba ni ya mwanawe huyo.

Sasa tuitazame Sweden ya wakati ule kwa jicho la askari. Ilikuwa nchi isiyofungamana na upande wowote wa kijeshi, lakini jirani yake ng'ambo ya maji alikuwa Muungano wa Kisovieti. Tarehe 27 Oktoba 1981 nyambizi moja ya Kisovieti ilipanda juu ya mwamba karibu kabisa na kituo cha manowari za Sweden huko Karlskrona, ikakaa hapo siku kama kumi huku ulimwengu ukitazama. Kisiwa cha Gotland, kilicho katikati ya Baltiki, kililindwa sana, na sehemu yake ya kaskazini pamoja na kisiwa kidogo cha Fårö zilikuwa eneo ambalo mgeni hakuruhusiwa kuingia apendavyo. Tarkovsky alitaka kupigia picha zake Fårö, alikokuwa akiishi Ingmar Bergman, mwongozaji mkuu wa Sweden. Wakuu wa jeshi hawakutoa ruhusa. Wapo waandishi wa sanaa wanaolisimulia jambo hilo kwa kicheko, kana kwamba ni upumbavu wa watu waliovaa viatu vizito. Hatucheki nao. Ofisa aliyekuwa na ramani ya rada mezani pake, akaombwa kuwaingiza watu wenye kamera na vioo vya kuvutia mbali, wakiongozwa na raia wa Kisovieti, alitenda alivyopasa kutenda. Na rasi ya Närsholmen, iliyopatikana badala yake, haikuidhuru sinema hata kidogo. (Inafaa kuongeza kwamba Gotland haikupoteza umuhimu wake. Sweden iliipa tena rejimenti yake mwaka 2018, na mwaka 2024 nchi yenyewe ikaingia katika muungano wa NATO.)

Hadithi ya Sadaka ni hii. Mzee Alexander, aliyekuwa mwigizaji wa michezo na sasa amestaafu, anaadhimisha siku yake ya kuzaliwa katika nyumba iliyo pweke kando ya bahari. Mtoto wake mdogo amefanyiwa upasuaji wa koo na hawezi kusema. Asubuhi wawili hao wamepanda mti mkavu ufukoni, na baba amemsimulia mtoto habari za mtawa aliyeumwagilia mti mkavu kila siku kwa miaka mitatu mpaka ukachanua. Jioni ndege za kivita zapita chini chini juu ya nyumba. Vyombo vyatetemeka kabatini, chupa kubwa ya maziwa yaanguka na kupasuka. Kisha televisheni yatangaza kwamba vita vimeanza, na kwa maneno yake kila mtu anaelewa kuwa ni vita vya silaha za nyuklia. Usiku ule Alexander, ambaye hakuwa mtu wa kusali, anapiga magoti na kumwekea Mungu nadhiri: kama mambo yatarudi yalivyokuwa, ataitoa nyumba yake, ataiacha jamaa yake, na hatasema tena neno maisha yake yote. Kunapopambazuka, umeme umerudi, simu inafanya kazi, hakuna vita. Alexander anatimiza nadhiri. Anapanga viti juu ya meza, anawasha kiberiti, na nyumba inaungua.

Hakuna bunduki hata moja inayofyatuliwa katika sinema nzima, wala hakuna adui anayeonekana. Hata hivyo twadiriki kusema kwamba sauti ya ndege zile na maziwa yale yanayomwagika sakafuni yamechora hofu ya zama za makombora kuliko milipuko yote ya sinema za Marekani. Na hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Usiku wa tarehe 26 Septemba 1983, katika kituo cha tahadhari karibu na Moscow, mitambo ilimwambia ofisa wa zamu, Luteni Kanali Stanislav Petrov, kwamba Marekani imefyatua kombora moja, kisha manne zaidi. Petrov aliyapima mambo, akaona kwamba vita vya namna hiyo havianzi kwa makombora matano, akapeleka taarifa kuwa mitambo imekosea. Ilikuwa imekosea kweli, kwani setilaiti ilikuwa imedanganywa na mwanga wa jua juu ya mawingu. Wakati Tarkovsky anaandika sala ya Alexander, tukio hilo bado lilikuwa siri, naye hakuwa na njia ya kulijua.

Tusimdanganye msomaji. Sadaka ni sinema nzito na ya polepole. Tulipoionyesha katika mesi, wenzetu kadhaa walikuwa wamesinzia kabla ndege hazijapita, na mmoja aliuliza kama mashine imeharibika. Lakini Jumamosi iliyofuata, tulipoonyesha sinema ya kumbukumbu ya Leszczyłowski, hakuna aliyesinzia. Watu waliokuwa wakicheza karata nyuma waliziacha.

Sababu ni kwamba mle ndani Tarkovsky anaonekana akifanya kazi, na kazi yake yafanana na ya kwetu. Ni mtu mwembamba, mwenye masharubu, asiyetulia. Anatazama mwenyewe ndani ya kamera, anarudi nyuma, anasogeza kitu kidogo juu ya meza, anatazama tena. Anamwonyesha mwigizaji hatua za kwenda kwa miguu yake mwenyewe. Hakijui Kiswidi, na karibu kila neno lake lapita kwanza kwa mkalimani. Hivyo amri yatoka kwa Kirusi, yaingia sikioni mwa watu kwa Kiswidi, na katikati uso wa mwongozaji unangoja kuona kama imefika ilivyotumwa. Sisi tuliolelewa katika makambi ambamo watu wa lugha nyingi hukusanywa chini ya Kiswahili cha amri twajua vizuri kungoja huko. Neno laweza kufika zima na maana ikawa imeanguka njiani.

Mkono wake wa kuume alikuwa Sven Nykvist, mpiga picha, mmoja wa mafundi wakubwa kabisa wa kazi hiyo ulimwenguni. Alikuwa amefanya kazi na Bergman kwa miaka mingi, na kwa sinema zake mbili Wamarekani walimpa tuzo ya Oscar. Majirani wa Kongo watapenda kujua kwamba wazazi wa Nykvist walikuwa wamisionari wa Kilutheri nchini humo, nao wakatumia huko sehemu kubwa ya maisha yao, hata mtoto akalelewa na ndugu Sweden. Alipokuwa mtu mzima alikwenda Afrika mwenyewe na kamera. Kwa hiyo alikuwa mzee wa kazi, mwenye umri wa miaka 62, aliyekwisha kuona mengi na aliyejua chombo chake kinaweza kufanya nini na hakiwezi nini.

Nykvist alishauri kwamba moto upigwe picha na kamera zaidi ya moja. Tarkovsky alikataa.

Kukataa kwake hakukuwa kiburi kitupu, na ni haki tueleze hoja yake. Aliamini kwamba sinema yashika wakati wenyewe unavyopita, na kwamba kila mkanda unapokatwa na kuunganishwa, wakati wa kweli unavunjika na mahali pake huja wakati wa kutengenezwa. Alitaka mtazamaji aione nyumba ikiungua tangu ndimi za kwanza mpaka kuanguka, bila kukatizwa, katika pigo moja la kamera inayokwenda na kurudi juu ya reli. Na wakati huo huo Alexander akimbie huku na huko katika maji ya matopeni, jamaa zake warudi kutoka matembezini wamkimbilie, gari la wagonjwa lifike, mtumishi Maria aje, mzee ashikwe, aponyoke, ashikwe tena. Yote hayo katika dakika sita na zaidi, kila mtu mahali pake kwa nukta yake, na moto haungoji mtu. Kama pigo ni moja, kamera ya pili ya nini?

Tulipofika hapo katika kuonyesha, koplo mmoja kijana aliyekaa mstari wa mbele alisema kwa sauti iliyosikika chumba kizima: "Afande, na hiyo moja ikikwama?"

Ilikwama. Carlsson alikuwapo na kamera yake, na alichokinasa ni nyuso. Mtu anamwona Tarkovsky akitambua. Nyumba nyuma yake inaendelea kuwaka kwa nguvu, kwa kuwa moto haujui kwamba kazi imekwisha kuharibika, na watu waliokuwa wakikimbia kwa amri wanaanza kusimama mmoja mmoja. Hakuna la kufanya. Huwezi kuuzima ili uanze tena, kwani nusu ya nyumba imekwenda; huwezi kuuacha ukatumia kilichopatikana, kwani pigo limekatika. Tulikwisha kuona nyuso za namna hiyo mara moja mbili katika mazoezi ya silaha nzito, wakati ambapo kila mtu uwanjani anajua kilichotokea na bado hakuna aliyetamka neno.

Waandishi wengi wa sanaa husema kwamba ukaidi wa Tarkovsky ndio ukuu wake. Hatukubaliani nao. Nykvist alikuwa na haki, na koplo wetu alikuwa na haki. Kila kijana anayepita chuo cha maofisa hufundishwa, kabla hata hajajua kukunja ramani vizuri, kwamba kamanda asiye na kikosi cha akiba amekwisha kuikabidhi hatima yake kwa bahati. Na wahenga waliosema akiba haiozi hawakungoja chuo chochote. Tena huyu alikuwa mtu yule yule aliyepoteza mikanda ya Stalker. Alijua chombo chaweza kumsaliti mtu, na bado akaweka kimoja. Jambo la kutafakari hapa ni jinsi imani ya mtu katika mpango wake mzuri inavyoweza kumfanya auone ushauri wa mwenye ujuzi kama upungufu wa imani. Ofisa wa cheo cha juu husikia kwa shida neno la sajini mzee, hasa pale sajini anaposema jambo la kawaida sana, la kufaa kuandikwa katika daftari la ghala.

Lakini hukumu hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni ile iliyofuata. Wakati wa kazi ulikuwa umebaki kidogo, fedha zilikuwa zimehesabiwa, waigizaji walikuwa na shughuli nyingine za kwenda. Ilikuwapo njia rahisi, nayo ni kumalizia sinema kwa vipande vilivyopatikana na kumshawishi mtazamaji kwamba ndivyo ilivyokusudiwa. Tarkovsky aliomba nyumba ya pili. Fikiri ni ombi la namna gani hilo, kutoka kwa mgeni asiye na nchi, kwa watu ambao ndio kwanza wametoka kuona fedha zao zikipaa kama moshi. Wenye sinema walikubali. Maseremala walirudi Närsholmen, na katika muda wa wiki mbili, kwa gharama kubwa, nyumba ikasimama tena pale pale.

Safari hii reli zilitandikwa mbili sambamba, na kamera zikawa mbili.

Kwa maneno mengine, Tarkovsky alibadilisha amri yake. Hatujui tendo gumu zaidi kwa mtu wa namna yake, aliyezoea kutetea kila picha yake mbele ya wakuu wa serikali kwa miaka 20. Pigo lake moja lisilokatika alilibakiza, kwani hilo ndilo lililokuwa lengo; njia ya kulifikia aliitoa kwa Nykvist. Waliochomea nyumba ya pili walijua kwamba hakutakuwa na ya tatu. Erland Josephson, aliyeigiza Alexander, alikimbia tena katika matope yale yale, gari la wagonjwa likaja, Maria akaja, nyumba ikaanguka. Kamera ikaendelea kupiga mpaka mkanda wenyewe ukaisha ndani yake, na hiyo ndiyo sababu pigo hilo laishia ghafula kwa mtu anayelitazama leo katika Sadaka. Kazi ilipokwisha watu walikumbatiana na kulia, waigizaji na mafundi pamoja. Katika chumba chetu cha maonyesho palikuwa kimya. Koplo hakusema kitu.

Ndugu zetu wa polisi wanayo sehemu yao katika habari hii, nayo ni ya ajabu. Ndani ya Sadaka imo ndoto fupi ya Alexander, ambamo umati wa watu wenye hofu unakimbia ovyo katika barabara ya mji. Picha hizo zilipigwa Stockholm, mahali penye ngazi mwishoni mwa njia iitwayo Tunnelgatan. Usiku wa tarehe 28 Februari 1986, miezi michache baadaye, Waziri Mkuu wa Sweden, Olof Palme, alipigwa risasi kwenye pembe ya njia hiyo hiyo alipokuwa akirudi kwa miguu kutoka sinema pamoja na mkewe, bila mlinzi. Muuaji alikimbilia Tunnelgatan, akapanda zile ngazi, akatoweka. Mtu mmoja alihukumiwa mwaka 1989, na mwaka huo huo mahakama ya rufaa ikamwachilia. Uchunguzi ulifungwa mwaka 2020, baada ya miaka 34, na hakuna aliyekaa gerezani akitumikia adhabu ya mauaji hayo. Tarkovsky alichagua pale kwa sababu palimpendeza jicho. Hatuoni haja ya kutafuta utabiri ndani yake, ingawa wako waliojaribu. Kwa polisi inatosha kujua kwamba njia nyembamba, ngazi na giza humfaa mpiga picha kwa sababu zile zile zinazomfaa mtu anayetoroka.

Mwaka ule haukuwa umemaliza. Tarehe 26 Aprili 1986 mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulilipuka, na siku mbili baadaye wafanyakazi wa kituo cha umeme cha Forsmark, kaskazini ya Stockholm, wakagundua mionzi iliyoletwa na upepo. Waswidi wakaambiwa na redio zao mambo ya kuangalia katika maziwa na mboga. Mwezi uliofuata Sadaka ikaanza kuonyeshwa kwao. Waliokaa katika viti vya sinema siku zile waliitazama chupa ile ya maziwa kwa macho mengine kabisa.

Wakati huo mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani. Mwishoni mwa mwaka 1985, kazi ya kuunganisha mikanda ikiwa bado haijakamilika, madaktari waligundua kwamba ana saratani ya mapafu. Sehemu hii twaiona vizuri zaidi katika sinema nyingine ya kumbukumbu, iliyotengenezwa na Mfaransa Chris Marker na kutoka mwaka 1999, yenye jina la Siku moja ya Andrei Arsenevich. Marker alikuwapo Paris mwezi Januari 1986 wakati serikali ya Kisovieti ilipomruhusu hatimaye yule mtoto aliyebaki nyuma, Andrei mdogo, atoke pamoja na nyanya yake. Kamera yamwonyesha kijana akiingia kwa baba yake, ambaye hawakuonana kwa karibu miaka minne, na baba akiwa amelala. Yaonyesha pia mgonjwa huyo huyo akiendelea kutoa maagizo juu ya sinema yake akiwa kitandani. Hatutaeleza zaidi, ni picha ambazo mtu afadhali azione mwenyewe, na ikiwezekana azione akiwa peke yake.

Mwezi Mei 1986 Sadaka ilipata tuzo kubwa maalumu ya majaji katika maonyesho ya Cannes, na Nykvist akatuzwa kwa upigaji picha wake. Tarkovsky hakuweza kwenda. Aliyepanda jukwaani kupokea kwa niaba yake alikuwa mwanawe.

Andrei Tarkovsky alifariki Paris tarehe 29 Desemba 1986, akiwa na umri wa miaka 54, akazikwa katika makaburi ya Warusi ya Sainte-Geneviève-des-Bois, nje ya mji huo. Huko Närsholmen nyumba haikujengwa mara ya tatu, na rasi sasa ni hifadhi ambamo kondoo hulisha. Baba yake, mzee Arseny, aliyeacha mguu wake vitani, alikuwa bado hai Moscow. Alifariki tarehe 27 Mei 1989.